Ukurasa mweupe kila ukibofya matokeo ya Google: jinsi ya kuusaka kabla hujapiga Windows upya

Juzi asubuhi kijana mmoja wa Makorora aliingia steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga, laptopu kwapani, hata begi hana.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Kulikoni?"

"Google inafunguka vizuri tu. Natafuta, majibu yanakuja. Nikibofya lolote, peupe! Nimeambiwa nipige Windows upya."

Hapa mjini kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, kumekuwa kama Panadol: kichwa, Panadol, mgongo, Panadol. Nikamwambia akae, amwite muuza kahawa, tuiangalie. Kikombe cha pili hakijaisha akaondoka na Windows yake ileile na mafaili yake yote. Naandika hapa njia tuliyopita, pamoja na vichochoro ambavyo siku ile hatukuvihitaji, maana mteja mwingine kesho atavihitaji.

Kwanza elewa kwa nini matokeo yanaonekana lakini kurasa hazionekani. Kile kichwa cha habari na mistari miwili mitatu chini yake havitoki kwenye tovuti yenyewe muda ule. Injini ya utafutaji ilishapita huko siku za nyuma, ikanakili, ikahifadhi kwenye seva zake, yaani kompyuta zinazohudumia wengine. Kwa hiyo kuliona tokeo si ushahidi kwamba tovuti iko hai leo. Safari halisi inaanza ukibofya: kivinjari (Chrome, Firefox na wenzao) kinaitafuta seva, kinabisha hodi, kinapokea maandishi ya ukurasa, kinaagiza picha na mafaili ya JavaScript (maagizo yanayouendesha ukurasa), mara nyingi kutoka seva nyingine kabisa, halafu ndipo kinachora kwenye kioo chako. Ukurasa unaweza kupotelea popote katika safari hiyo. Swali la kujiuliza kila hatua ni moja: haukufika, au umefika ukashindwa kuchorwa? Ukilijua hilo, nusu ya kazi imekwisha.

1. Je, ni mweupe kweli?

Usicheke. Matangazo ya usaili, matokeo ya mitihani, fomu za mikopo, vingi siku hizi vinawekwa kama PDF. Ukibofya tokeo la namna hiyo, kivinjari kinafungua kichupo (tab) kipya, kinatambua kwamba hili ni faili la kupakua, kinalipeleka kwenye mafaili yaliyopakuliwa, na kukuachia kichupo kitupu au kukifunga kabla hujakiona vizuri. Bonyeza Ctrl na J. Mama mmoja wa Chumbageni alikuja kulalamika kwamba orodha ya walioitwa kwenye usaili haifunguki. Tulipobonyeza Ctrl+J tuliikuta ipo mara saba, ya mwisho ikiwa na (6) mwishoni mwa jina lake. Bando lake lote liliishia hapo, na jina la mwanawe lilikuwa ukurasa wa nne muda wote.

Angalia pia sehemu ya anwani juu. Ikiandika about:blank, kichupo kilifunguliwa lakini hakikupewa pa kwenda. Ukurasa haujatafutwa kabisa. Mara nyingi hapo mhusika ni kitu kilicho ndani ya kivinjari, na tutakifikia. Na kama kile kiduara cha kusubiri bado kinazunguka, basi subiri. PDF ya megabaiti thelathini kwenye mtandao wa jioni itabaki kijivu kwa muda mrefu bila kosa la mtu. Bofya kulia kwenye tokeo, chagua kuhifadhi linki, uiache ishuke yenyewe.

2. Ni wewe au ni wao?

Bofya matokeo matatu ya tovuti tatu zisizohusiana. Ikiwa moja tu ndiyo nyeupe, ubovu uko kwa wenye tovuti, nenda web.archive.org, bandika anwani, huenda nakala ya zamani ipo. Zamani Google yenyewe ilikuwa na linki ya nakala iliyohifadhi, lakini iliiondoa mwaka 2024, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta.

Zikiwa zote nyeupe, washa hotspoti kwenye simu yenye laini ya kampuni nyingine ujaribu tena. Zikifunguka, tatizo ni mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, watu walijaa hapa dukani kutaka "kutengenezewa" kompyuta. Kurasa zilifunguka vipandevipande, nyingine hazikufunguka kabisa. Hakuna fundi wa Tanga angeweza kufanya lolote kwa waya uliokatika baharini upande wa Afrika Kusini.

3. Zunguka kwa nyuma

Jambo dogo hili linatoa jibu kubwa. Usibofye tokeo. Soma jina la tovuti lililoandikwa juu ya tokeo, fungua kichupo kipya, uliandike kwa mkono. Likifunguka vizuri hivyo, lakini ukilibofya kwenye matokeo linakuja jeupe, basi tovuti ni nzima na mtandao ni mzima. Kinachokula ukurasa kiko kati ya mbofyo wako na tovuti.

Kipo kitu hapo katikati. Ukibofya tokeo, mara nyingi hupelekwi moja kwa moja. Unapitishwa kwanza kwenye anwani ya injini yenyewe, ile ndefu inayoanza na google.com/url, ambayo inaandika kwamba umebofya kisha inakusukuma mbele. Kiendelezi (extension, programu ndogo inayobandikwa ndani ya kivinjari) cha kuzuia matangazo chenye mkono mzito kinaweza kukuzuia pale mlangoni. Kiendelezi kibaya zaidi kinakugeuza njia kabisa, kikupeleke kwenye seva yake ya matangazo, na seva hiyo ikiwa imekufa wewe unaona weupe mtupu.

Kwa kijana wa Makorora, hatua hii ndiyo iliyonipa mwanga. Kuandika kwa mkono kulifungua kila kitu.

4. Ctrl na U

Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wengi wanairuka, nami naipenda kuliko zote. Ukiwa kwenye ukurasa mweupe bonyeza Ctrl na U. Kichupo kingine kitafunguka kikionyesha maandishi ghafi ya ukurasa, yale ambayo kivinjari kilipokea kabla ya kuchora. Huhitaji kuyaelewa. Unatazama yako namna gani.

Ukikuta hakuna kitu, hata mstari, seva haikutuma chochote au kuna mtu amekizuia njiani. Rudi hatua ya pili na ya tatu.

Ukikuta maandishi mengi na ndani yake unasoma sentensi za habari uliyokuwa unaitaka, ukurasa umefika salama. Kivinjari kimeshindwa kuuchora. Nenda moja kwa moja hatua ya saba.

Ukikuta maandishi machache, labda mistari ishirini, yenye neno root au app mahali fulani na mafaili kadhaa yanayoishia na .js, hiyo ni tovuti ya siku hizi isiyotuma ukurasa wenyewe. Inatuma fremu tupu na JavaScript ya kuujaza, kama mtu aliyekuletea jiko na mkaa akasema chakula utapika mwenyewe. Lile faili la .js lisipofika, au kivinjari chako kikiwa kizee kisielewe lugha yake, unabaki na fremu nyeupe.

Kwa hali hii ya tatu bonyeza F12, chagua sehemu iliyoandikwa Console, kisha F5 ili ukurasa uitwe upya. Tazama mistari myekundu. Sitakuchosha na maana zake zote, lakini mmoja ukariri: ukiona ERR_BLOCKED_BY_CLIENT, client ni wewe. Seva imetuma, mtandao umeleta, kitu kilichomo ndani ya kivinjari chako kimekataa kupokea. Ukiona ERR_CERT_DATE_INVALID, nenda hatua ya tisa ukaangalie saa.

5. Dirisha fiche, kisha viendelezi

Kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N. Kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P. Dirisha hili linafunguka bila vidakuzi vyako vya zamani (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwako), na viendelezi vinakuwa vimezimwa isipokuwa vile ulivyoviruhusu wewe mwenyewe. Tafuta neno lilelile, bofya tokeo lilelile. Likifunguka, mhusika ni mmoja kati ya wawili: kiendelezi, au takataka zilizohifadhiwa.

Anza na viendelezi. Andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani. Kwa Firefox ni about:addons. Zima vyote, jaribu kwenye dirisha la kawaida. Mambo yakiwa mazuri, usiviwashe kimojakimoja kama una kumi na viwili, utakesha. Washa nusu. Ubovu ukirudi, umo kwenye nusu hiyo; usiporudi, umo kwenye nusu iliyobaki. Gawa tena. Kwa majaribio matatu au manne umeshamkamata.

Wa kijana wa Makorora alikuwa kiendelezi cha kupakua video. Alikiweka mwenyewe, hakumbuki lini, na kilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote. Maneno hayo ya ruhusa yasome kila mara. Kiendelezi cha kupakua video kinataka kubadilisha ukurasa wako wa benki kwa sababu gani?

Sasa aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma, mimi pia nilikuwa fundi wa Panadol. Dada mmoja aliniletea tatizo hilihili, nikampigia Windows upya, nusu siku, nikamwita aje kuchukua. Akakaa palepale kwenye kiti, akaingia Chrome kwa akaunti yake ya Gmail, akatafuta kitu, akabofya. Peupe. Tukatazamana. Viendelezi vyake vilikuwa vimehifadhiwa kwenye akaunti; alipoingia, vyote vilirudi kimyakimya, na yule mbaya miongoni mwao. Sikumlipisha, na nilimnunulia soda. Kwa hiyo ukikikamata kiendelezi, kiondoe kabisa, usikizime tu, na ukiondoe ukiwa umeingia kwenye akaunti ili huko nako kifutike.

6. Vilivyohifadhiwa

Kivinjari kinatunza nakala za picha na mafaili ya tovuti ili kesho yake kisipakue upya. Tovuti ikibadilishwa, fremu mpya ikakutana na faili la zamani, haziivi chungu kimoja. Anza na Ctrl na F5, ambayo inalazimisha kuleta kila kitu upya. Inatosha mara nyingi kuliko unavyodhani.

Isipotosha, futa data ya tovuti ile moja tu. Andika chrome://settings/content/all, tafuta jina lake, futa. Watu hukimbilia Ctrl, Shift na Delete na kutia tiki kila kisanduku, pamoja na cha nywila. Nimewaona waalimu wakifungiwa nje ya akaunti za mfumo wa kazi kwa sababu nywila ilikuwa inajulikana na kivinjari peke yake. Kama lazima ufute yote, kisanduku cha nywila kiache.

7. Umefika, haujachorwa

Dalili zake ni za ajabu kidogo. Ctrl+U inaonyesha habari yote ipo. Ukizungusha kipanya juu ya weupe, mshale unageuka kuwa kiganja, maana yake linki ipo pale, huioni tu. Ukibonyeza Ctrl na A, weupe unapata mabaka ya buluu yenye umbo la aya. Wakati mwingine ukipunguza dirisha na kulikuza, maandishi yanatokea ghafla kisha yanapotea ukishuka chini.

Hapo mgonjwa ni kadi ya michoro, au programu inayoiendesha. Vivinjari vya siku hizi huikabidhi kadi hiyo kazi ya kuchora ili mambo yaende haraka, na laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa huku kwetu zina kadi zilizochoka au ambazo programu yake haikuwahi kusasishwa. Bonyeza kwanza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: kioo kitapepesa mara moja na programu ya michoro itaanza upya. Ukurasa ukitokea, umethibitisha. Dawa ya kudumu ni kuandika chrome://settings/system, kuzima swichi inayotaja graphics acceleration, na kufungua Chrome upya. Video zitakuwa nzito kidogo. Ukipata nafasi, sasisha programu ya kadi, kisha uiwashe tena.

Wa Firefox wana njia ya mkato: shikilia Shift huku unaifungua. Itauliza kama unataka hali ya kutafuta tatizo, ambayo inazima viendelezi na kadi ya michoro kwa mpigo.

8. Mashine za wazee

Windows 7 bado ipo maofisini na majumbani, na mwenye nayo hasikii la muadhini. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7 na 8.1, mwanzoni mwa 2023. Hata ukiisasisha mpaka asubuhi haitapanda. Tovuti zinazojengwa leo zinatumia maneno ya JavaScript ambayo toleo hilo halijawahi kuyasikia, nazo hukaa nyeupe bila kukuambia kitu. Firefox 115, ile ya huduma ndefu, ndiyo ya mwisho kufanya kazi huko, nayo ni nafuu ya kuvukia tu. Mwenye Internet Explorer sina la kumwambia; Microsoft yenyewe iliiaga tarehe 15 Juni 2022.

Tovuti za zamani nazo zina weupe wao: zilizojengwa kwa Flash zilikufa nayo mwisho wa 2020. Zile hazitengenezeki upande wako.

9. Saa, na wavamizi

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani leo ni mwaka 2012, vyeti vyote vinaonekana havijazaliwa. Kwa kawaida utapata onyo, lakini faili la pembeni likikataliwa kwa sababu hiyo, ukurasa unaweza kubaki mtupu bila onyo lolote. Tazama saa kona ya chini kulia. Kama unairekebisha leo na umeme ukikatika inarudi kulekule, betri ndogo ya duara kwenye ubao mama imekwisha. Ni ile CR2032, saizi ya sarafu. Kwenye kompyuta ya mezani unaibadilisha mwenyewe kwa kucha. Zima, chomoa waya wa umeme, chopoa betri, weka mpya ule upande wenye maandishi ukiangalia juu.

Kama matokeo yenyewe yanatoka kwenye injini usiyoijua, au ukurasa wa mwanzo umebadilika bila wewe kuubadilisha, umevamiwa. Baada ya kukagua viendelezi, fungua kwa Notepad faili la hosts, lile lenye uwezo wa kuigeuza njia ya jina la tovuti, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo tu. Mstari usio na # ulio na jina la tovuti maarufu, na hukuuweka wewe wala mtu wa IT wa ofisini, ufute. Halafu angalia DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva, kwenye mipangilio ya mtandao. Irudishe kwenye kujipangia yenyewe, au weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Mchezo huu ni wa siku nyingi: genge la DNSChanger, lililokamatwa Estonia Novemba 2011, lilikuwa likibadilisha namba hizo kwenye kompyuta za watu ili mibofyo ya utafutaji iende kwenye matangazo yao. Seva za muda zilizowekwa badala ya zile za genge zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, kompyuta zilizokuwa hazijasafishwa zikabaki bila intaneti.

Kwenye simu

Bando kwanza. Lenyewe ni kama tunavyosemwa watu wa Tanga, laja leo laondoka leo, na likiondoka katikati ya ukurasa huambiwi.

Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana zaidi inachora ukurasa kwenye seva zake na kukuletea kitu kilichokwisha kubanwa. Ni nzuri kwa kusoma habari, lakini tovuti zile za jiko na mkaa zinaigomea, na mifumo mingi ya maombi ni ya aina hiyo. Badilisha hali ya kuokoa data au tumia Chrome kwa kazi hiyo moja. Linki uliyoibofya ndani ya Facebook inafunguka kwenye kivinjari kidogo cha Facebook chenyewe. Gusa vitone vitatu, uifungue kwenye kivinjari kamili.

Ctrl+U haipo kwenye simu, ila kwenye Chrome unaweza kuandika view-source: mbele ya anwani, bila nafasi, ukaona maandishi ghafi vilevile. Na ukienda kwenye mipangilio ya simu kusafisha Chrome, kuna vitufe viwili vinavyofanana: cha kashe na cha data yote. Gusa cha kashe. Cha pili kinafuta kila kitu ambacho hakikuhifadhiwa kwenye akaunti, na vichupo vyako arobaini ulivyokuwa unasema utavisoma kesho navyo vinaenda.